Jani la isale kwenye filamu

Ndugu, umeuliza kwa nini watu wa hapahapa Moshi wakitazama filamu ileile wanatoka na hadithi mbili. Chukua tukio la mkosaji kumpelekea jirani yake jani la isale, mmea wa jadi wa Wachaga. Mchaga anajua hapo msamaha unaombwa, na kuukataa ni jambo zito. Mgeni anaona jani tu, anadhani ugomvi bado unaendelea. Au mzee wa Kimaasai akimtemea mtoto mate: kwao baraka, kwa mwingine dharau. Kwenye mjadala baada ya filamu, mpe kila mtu dakika 3 aandike alichokiona, kisha alichohisi. Mkubwa asianze kusema, maana vijana watamfuata kwa heshima na tofauti unazozitafuta zitafichika.