Tathmini ya kazi isiyo ya haki na madai ya kuchafuliwa jina

Dada yangu, umeeleza kwamba msimamizi wako hapa Nairobi amekupa alama 2 kati ya 5 na kuandika kuwa "hategemeki", nawe unauliza kama unaweza kumshtaki kwa kukuchafulia jina. Kwa sheria ya Kenya, uonevu peke yake hautoshi. Lazima maneno hayo yakushushie hadhi na yawe yamemfikia mtu mwingine. Karatasi uliyokabidhiwa mkononi, isiyosomwa na yeyote ila wewe, haijakuchafulia jina. Hata ikisomwa na ofisi ya rasilimali watu, msimamizi ana kinga yenye masharti, kwa kuwa ni wajibu wake kuandika na ni haki yao kupokea, na kinga hiyo huvunjika ukithibitisha kwamba aliandika kwa nia mbaya, kwa mfano alidai hukufika kazini siku ambazo yeye mwenyewe alikuona ukitia saini daftari la mahudhurio. Tena "hategemeki" ni maoni. Angeandika "aliiba", mambo yangekuwa mengine kabisa.

Nakusihi usikawie, kwani kesi ya kashfa hufunguliwa ndani ya miezi 12. Hata hivyo, naona ngao yako imara zaidi ni Sheria ya Ajira ya 2007, ambayo kifungu chake cha 41 humlazimu mwajiri akueleze sababu na akusikilize, mbele ya mfanyakazi mwenzako uliyemchagua, kabla ya kukuachisha kwa utendaji duni. Andika pingamizi lako leo, ulitie tarehe, ubaki na nakala.