Ukifika Vienna, usilipie kila kasri

Swali ninaloulizwa kila mara na wanaokuja huku ni niingie kasri gani, na jibu langu ni lile lile, ndani ingia moja tu, Schönbrunn, hayo mengine yaangalie kwa nje, maana ukishapita vyumba vya dhahabu na mavioo vya kutosha macho yanachoka na hela ndo imeshaenda.

Tiketi nunua mtandaoni mapema, ina saa yako ya kuingia kabisa, chagua ya asubuhi kabla mabasi ya watalii hayajamwaga watu. Unapanda treni ya chini ya ardhi ya U4 unashuka stesheni yenye jina hilo hilo la Schönbrunn, na kama una tiketi ya karatasi ambayo haijapigwa mhuri ipige kwenye kimashine kabla ya kupanda, hakuna geti la kukuzuia lakini wakaguzi wakiibuka hawataki stori za mimi mgeni.

Kasri lina vyumba 1,441 ila utakavyoonyeshwa ni vichache. Wengi wanakimbilia habari za Mozart, alipiga muziki humo mwaka 1762 akiwa na miaka 6, sawa, lakini mi nakwambia simama kwenye chumba cha kulala cha Kaizari Franz Joseph. Mtu ana himaya nzima analala kwenye kitanda cha chuma, chembamba, kama vile vya bweni, anaamka alfajiri mbichi kuanza kusoma mafaili, na amefia humo humo kasrini 1916. Hicho kitanda kinakwambia mengi kuliko dhahabu zote za ukumbini.

Ukitoka usikimbilie treni, bustani ni bure jamani, panda kilima mpaka kwenye jengo la Gloriette huko juu uone mji wote, na beba chupa yako maana maji ya bomba hapa yanatoka chemchemi za milimani, kununua maji ni kutupa hela.

Kasri la Hofburg zunguka tu viwanjani. Kasri la Belvedere kama si mpenzi wa michoro ya Klimt ishia bustanini.

Sehemu ya pili ya kulipia bila kusita ni Kapuzinergruft, makaburi ya Habsburg, ukoo wa kina Franz Joseph waliotawala Austria, chini ya kanisa. Kuna jeneza la Kaizari Karl VI lina fuvu limevishwa taji, yaani utalikodolea macho. Halafu mtafute Rudolf, kalala kando ya baba yake Franz Joseph. Wakenya wa zamani wanalijua hilo jina, Ziwa Turkana lilikuwa linaitwa Rudolf, msafiri mmoja wa Hungary, Teleki, alilipa jina la huyu Rudolf 1888 kana kwamba wenyeji hawakuwa na lao, na Januari 1889 Rudolf mwenyewe akajiua, ziwa hajawahi hata kuliona.

Kanisa la Stephansdom liko karibu, unafika kwa miguu. Mnara wa kusini ni ngazi 343, magoti yakigoma nenda wa kaskazini, una lifti.