Usianze kukoda hiyo sistimu ya SACCOS mkuu, subiri kwanza

Yaani mwenyekiti kashasaini dokumenti la mahitaji, wewe unajifungia na vijana wako mpaka Desemba ndo mkawaonyeshe mfumo umekamilika, halafu unauliza utumie Jira au Trello, zile programu za kupanga kazi za timu? Weka hiyo Jira pembeni aisee.

Na mimi nilikuwa na dokumenti kama hilo, lina muhuri na kila kitu. Kulikuwa na mshauri mmoja mzee wa suti, analipwa kuliko sisi wote tuliokuwa tunakoda, akatuambia saini ndo kinga yenu, wakibadilisha mawazo mnawachaji. Kinga gani! Dokumenti lilisema mwanachama mmoja mkopo mmoja, basi tukajenga hivyo hivyo kuanzia databesi, riba inasoma hapo, marejesho hapo, ripoti zote hapo. Siku ya kukabidhi, mama afisa mikopo, ambaye hakuna aliyewahi kumwita kwenye kikao hata kimoja, akauliza: "Sasa mwanangu, huyu ana mkopo wa maendeleo, akija kuchukua wa dharura namwingiza wapi? Na anayetaka kutopapu, aongezewe mkopo kabla hajamaliza wa zamani?" Mwenyekiti anakuna kichwa, kumbe hajawahi kupokea fomu ya mkopo dirishani. Na leja ya yule mama ilikuwepo mezani siku zote, mtu mmoja mikopo mitatu, kila mmoja na wadhamini wake. Tulibomoa karibu kila kitu. Kuwachaji? Walishikilia malipo yetu ya mwisho mpaka "mfumo ufanye kazi". Mshauri simu hapokei, ila LinkedIn yupo anatoa semina.

Na washauri kama yule wanavyojifanya ndo utaalamu sasa! Winston Royce, yule mtaalamu wa programu ambaye mchoro wake wa 1970 wa hatua kwa hatua (mahitaji yote kwanza, kukoda baadaye, majaribio mwishoni) ndo wanauabudu, aliandika mwenyewe kwenye makala ile ile kwamba kwenda hivyo ni hatari na ni kukaribisha kufeli. Waliangalia picha wakafunga.

Kwa hiyo kila wiki mbili onyesha kitu kinachobonyezeka, mbele ya anayekaa dirishani. Sio mwenyekiti, sio slaidi. Na usianze na ukurasa wa kulogini kwa sababu ni rahisi, anza na pale usipopaelewa, yaani mikopo. Chukua leja yao, tafuta mwanachama mwenye mambo mengi kuliko wote, mwambie afisa mikopo amwingize mwenyewe, wewe mikono mfukoni na mdomo ufunge (hapa ndo pagumu). Akikwama umeokoa hela. Akitaja kitu kipya usimwambie hakipo kwenye dokumenti, kiandike, wenyewe wapange kipi kitangulie na kipi kisubiri.

Mkataba nao rudi ukaombe ubadilishwe, walipe kila kipande wakishakiona kinafanya kazi. Wakikwambia afisa mikopo hana muda wa vikao, nenda kakae naye kule nyuma ya dirisha wiki ya mishahara, foleni ikiwa mpaka nje.