Katibu wa rekta asiandike PV za baraza

Hapana, usifanye hivyo. Umeuliza wajumbe wa baraza la chuo chenu kipya cha Goma wawe wangapi, posho ya kikao iwe kiasi gani, muhula wao uwe wa miaka mingapi, halafu mwishoni ukaandika kwamba katibu wa rekta (mkuu wa chuo) ataandika pia PV (kumbukumbu za vikao) za baraza "ili kupunguza gharama". Nimesoma sentensi hiyo mara mbili hapa Lubumbashi, nikashindwa kunyamaza.

Nilikaa katika baraza la utawala la chuo kimoja cha binafsi hapa mjini, nikiwakilisha waliosoma hapo. Katibu wetu alikuwa yuleyule mama anayepanga miadi ya rekta. Mama mwenye bidii, sina neno naye. Lakini mshahara wake, likizo yake, hata wino wa mashine yake, vyote vilitoka kwa rekta. Angewezaje kuweka kwenye ajenda jambo ambalo rekta hakulitaka? Makaratasi tulipewa mlangoni tukiingia. Bajeti ya mwaka mzima, safu kwa safu za tarakimu ndogo, na mwenyekiti tayari anaanza sala. Ukiinua mkono unaambiwa wazee wana safari ya Kolwezi.

Ndivyo jengo lilivyopita. Ghorofa la kumbi za masomo na maabara, kwa mkopo wa benki wa dola, utakaolipwa kwa minervali, yaani ada za wanafunzi. Mhasibu alikuwa ameandika ripoti, tena nzuri. Ilionyesha kwamba wanafunzi wengi hulipa kidogokidogo, awamu ya mwisho huingia mitihani ikikaribia, na kuna miezi ambayo kasha halitoshi hata prime (posho) za walimu. Ripoti hiyo haikutufikia. Ililala ofisini kwa rekta kwa sababu hapakuwa na mtu ambaye kazi yake ni kutuletea. Mimi niliuliza kuhusu riba. PV ikaandika "kwa kauli moja", swali langu halimo.

Benki haingoji mitihani. Prime zikachelewa, maasistenti na ma-CT (walimu wa ngazi ya juu ya maasistenti) wakaweka chaki chini, wanafunzi wa mwaka wa mwisho wakakaa bila kutetea kazi zao. Jengo limebaki nguzo, vyuma vinashika kutu mvua hadi mvua. Kuna wazazi waliouza viwanja ili watoto wao wamalize pale. Hao ndio waliolipa.

Na aliyetupoteza alilipwa vizuri! Mtaalamu mmoja aliletwa kutufundisha kazi ya baraza, akasema mjumbe mwema hasumbui, "rekta ndiye macho yenu". Nina hasira naye mpaka leo. Anayesimamiwa hawezi kuwa macho pekee ya wanaomsimamia. Tena alichanganya baraza na komite ya usimamizi, ile tunayoijua kutoka vyuo vya serikali, wakiwemo rekta, katibu mkuu wa masomo, katibu mkuu wa utawala na msimamizi wa bajeti. Komite inaendesha chuo. Baraza linaiuliza komite. Kalamu ikiwa moja, hakuna swali litakaloandikwa.

Najua utanijibu kwamba mtachagua watu wa nje. Afrika Kusini, sheria ya elimu ya juu ya 1997 inataka angalau asilimia 60 ya wajumbe wa baraza la chuo kikuu cha umma wawe watu wasioajiriwa na chuo wala wasiosoma hapo. Ni vizuri. Sisi pia tulikuwa na daktari, wanasheria, na mtu wa migodini. Bila makaratasi walikuwa wageni waalikwa tu. Waingereza wameliona hili: mwongozo wa wenyeviti wa mabaraza ya vyuo vikuu vyao unataka katibu, katika kazi za baraza, awajibike kwa baraza lenyewe, hata kama ana kazi nyingine chuoni.

Kwa hiyo katibu wa baraza aajiriwe na baraza na aondolewe na baraza. Kazi ya nusu siku inatosha. Apange ajenda na mwenyekiti. Makaratasi yafike wiki nzima kabla, kwa WhatsApp kwa vijana na mkononi kwa wazee. Mhasibu na mkaguzi wa hesabu wampelekee ripoti moja kwa moja, zisipite kwingine. PV iandike nani aliuliza nini, nani atajibu na lini. Na mara moja kwa mwaka baraza likae na mkaguzi, rekta akiwa nje ya chumba. Unasema gharama? Riba ya mkopo ule peke yake ingemlipa katibu wa namna hiyo kwa miaka.

Umesema statuti (katiba ya chuo) bado hazijaenda kwa notari kuthibitishwa. Basi kifungu hicho kiingie leo, kabla hujamwalika mjumbe wa kwanza. Rekta akikipinga, mwulize mbele ya promota, mwenye chuo: ni karatasi gani anayotaka ipite kwake kwanza?