Sikio la shangazi

Ndugu Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza shangazi asiye na watoto ana nafasi gani katika maisha ya watoto wa ndugu zake. Ninajibu nikiwa mmoja wa hao mnaowauliza. Nina umri wa miaka 56, sikujaliwa kuzaa, na kwa watoto watatu wa kaka yangu mimi ni shangazi, ilhali kwa wawili wa dada yangu mimi ni mama mdogo. Nitatumia neno shangazi kwa wote kwa kuwa ndilo mlilolitumia, ingawa majina hayo mawili yana jambo la kutufundisha. Lugha yetu imempa dada wa mama jina la mama, mdogo au mkubwa, bila kumuuliza kwanza kama amezaa. Dada wa baba imempa jina lake peke yake, ambalo halimtaki awe mzazi wa mtu yeyote. Katika yote mawili cheo kinatoka kwa mtoto wa ndugu.

Jibu ninalolisikia mara nyingi, hata kwa watu wanaonitakia mema, ni kwamba shangazi wa namna yangu ana muda, fedha na mapenzi ambayo hayana pa kwenda, kwa hiyo watoto wa ndugu wanapokea kilichobaki. Ninalipinga jibu hilo kwa moyo wangu wote. Linamgeuza shangazi kuwa mkoba na kuwageuza watoto kuwa viraka vya kuzibia tundu katika maisha ya mtu mzima, na mtoto hutambua upesi sana anapopendwa kwa niaba ya mtoto mwingine ambaye hakuzaliwa. Watoto hawa watano ninawapenda jinsi walivyo, mmoja mmoja, na hata kama ningezaa saba bado ningetaka kujua kwa nini yule mdogo kabisa anaogopa giza.

Kwa jinsi nilivyoona, thamani ya shangazi imo katika mahali anaposimama. Mzazi ni mlezi na hakimu kwa wakati mmoja: akiambiwa jambo na mwanawe analazimika kufanya kitu, na mara nyingi anakifanya siku hiyohiyo. Mtoto wa pili wa kaka yangu alipokuwa na miaka 13 alianza kukosa usingizi na kulalamika kuwa tumbo linamuuma kila asubuhi ya siku ya shule. Wazazi wake walimuuliza kwa upole, kisha kwa ukali, asiseme. Siku moja tulikuwa tunarekebisha mnyororo wa baiskeli yake, mikono imejaa grisi na hakuna aliyekuwa akimtazama mwenzake usoni, akaniambia kwamba wavulana wawili wakubwa walikuwa wakimnyang'anya vitu na kumpiga njiani. Nilipomuuliza kwa nini hakuwaambia wazazi, alijibu kwamba baba angekwenda shuleni kwa hasira, mama angelia, na yeye asingeweza tena kuyarudisha maneno yake. Nimelifikiria jibu hilo kwa miaka 11. Mtoto yule alihitaji mtu ambaye kwake maneno yangebaki maneno kwa muda kidogo kabla ya kugeuka kuwa hatua.

Kwa muda kidogo, nasisitiza, kwa sababu hapa ndipo shangazi anaweza kuharibu kila kitu kwa kutaka apendwe. Tangu watoto hawa wangali wadogo nimekuwa na kanuni moja ambayo kila mmoja wao anaijua: siri ya aibu, ya alama mbaya au ya kumpenda mwanafunzi mwenzake nitaitunza, siri ya mtu anayemuumiza, au ya kutaka kujiumiza mwenyewe, sitaitunza hata akinililia. Mvulana yule nilimpa usiku mmoja wa kupanga namna ya kusema, na asubuhi niliketi kando yake wakati anawaeleza wazazi wake kwa kinywa chake mwenyewe. Aidha, sijawahi kumwambia mtoto yeyote «usimwambie mama». Wanaowadhuru watoto hutumia maneno hayohayo, na sitaki mtoto ayazoee kutoka kwangu.

Wapo waliolichunguza jambo hili kwa utaratibu kuliko mimi. Mwanasaikolojia Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, hadi walipokuwa watu wazima. Miongoni mwa waliokulia katika umaskini na nyumba zenye misukosuko, takriban theluthi moja walikua wakawa watu imara, na mojawapo ya mambo yaliyowasaidia lilikuwa uhusiano wa karibu na angalau mtu mmoja wa kutegemewa, ambaye si lazima alikuwa mzazi. Utafiti huo haukuwa juu ya mashangazi wasiozaa, nami sitaki kuulazimisha useme hivyo. Ninachokichukua ni hilo neno «angalau mmoja», kwa maana mmoja ni idadi ambayo hata mimi ninaweza kuitimiza.

Hata hivyo, njia ya kumfikia mtoto wa kaka inapitia kwa wifi, na ukweli huu nilijifunza kwa kukosea. Binti mkubwa wa kaka yangu alipokuwa na miaka 11 nilimnunulia simu ambayo mama yake alikuwa amekwisha kumkatalia. Nilijiambia kwamba ninamfurahisha mtoto. Kwa kweli nilikuwa ninamshinda mama yake mbele yake. Wifi alininyamazia kwa miezi kadhaa, na siku aliposema, alinitolea methali ambayo wanawake kama mimi huijua kabla haijatamkwa: uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Ilinichoma. Nilimwomba radhi kuhusu simu, kwa sababu alikuwa na haki, na tangu siku ile sitoi zawadi kubwa bila kumuuliza. Juu ya methali nilimjibu baadaye, tulipopatana. Sibishani nayo. Uchungu ule siujui, lakini kuna kitu kingine ninachokijua: mtoto wake anaposhindwa, wifi anajiona ameshindwa yeye, ilhali mimi ninamwona mtoto tu. Wakati mwingine mtoto anahitaji sana jicho lisilojitafuta ndani yake. Wifi alikaa kimya kidogo, kisha akasema ndiyo maana binti yake hunionyesha matokeo ya mitihani kwanza. Kwa kusema hivyo alinipa ruhusa ambayo kaka yangu, kwa upendo wake wote, asingeweza kunipa.

Sipendi pia shangazi asifiwe kwa upole tu, kana kwamba hana cha kurithisha. Caroline Herschel, mtaalamu wa nyota aliyezaliwa mwaka 1750, hakuolewa wala kuzaa. Aligundua nyota zenye mkia (kometi) nane, na kwa miaka mingi alikuwa msaidizi wa kaka yake William, naye mtaalamu wa nyota. Kaka huyo alipofariki mwaka 1822, Caroline alirudi kwao Hanover, Ujerumani, na akiwa na umri wa miaka zaidi ya 70 alipanga upya orodha ya nebula (madoa ya mwanga yanayoonekana angani kama mawingu) na makundi ya nyota takriban 2,500, kwa mpangilio ambao ungemfaa mtoto wa kaka yake, John, aliyetaka kuziangalia zote upya. Kwa kazi hiyo alipewa medali ya dhahabu ya chama cha wanaastronomia cha Uingereza mwaka 1828. John alirithi kazi ya baba yake ikiwa imepangwa kwa mkono wa shangazi.

Jambo moja la kiutendaji, kwa wazazi wanaosoma. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 5, unawataja watu wa familia pana miongoni mwa wenye wajibu wa kumwongoza mtoto, lakini fomu nyingi zina nafasi ya mzazi au mlezi tu. Niliwahi kusimama kwenye dawati la hospitali na mtoto mwenye homa kali, wazazi wakiwa safarini, nikiulizwa mimi ni nani kwake. Andikeni barua mapema, itieni sahihi, mpeni shangazi nakala.

Yule mvulana wa baiskeli sasa ana miaka 24. Mwezi uliopita alinipigia simu usiku kunieleza kwamba ameacha kazi, na nilipomuuliza kama wazazi wanajua, alisema aliwaambia asubuhi. Nilifurahi mno kuwa wa pili, kisha nikamwacha azungumze mpaka akachoka.