Kabla hujagandishwa, uliza haya

Wanaojua kwamba nimetibiwa kwa kugandishwa, tena kwa matatizo mawili yasiyofanana, huniuliza kwanza kama inauma. Inauma kiasi, nitafika huko. Ila ningekuwa mimi ndiye ninayekwenda kesho, swali hilo ningeliweka la mwisho. Kugandisha kwenyewe ni kazi ya sekunde au dakika chache. Utapona vipi inategemea zaidi uchunguzi uliofanywa kabla, na utunzaji wa wiki zinazofuata.

Katika tiba hii mtaalamu hutumia baridi kali badala ya kisu. Kwa ngozi, mara nyingi ni naitrojeni ya kimiminika, ambayo huchemka kwenye nyuzi -196 za Selsiasi. Hupulizwa kutoka kwenye chupa yenye mdomo mwembamba au hupakwa kwa kijiti cha pamba. Maji ya ndani na nje ya seli huganda, punje za barafu huzipasua, kisha vimishipa vya damu vya eneo hilo huziba na kuzimaliza zilizonusurika. Seli hufa zaidi zikiganda haraka na kuyeyuka polepole, kwa hiyo ukiona mhudumu anasubiri tu bila kufanya kitu, usidhani amekusahau. Wazo lenyewe ni la zamani: katikati ya karne ya 19, daktari Mwingereza James Arnott alikuwa akitumia mchanganyiko wa barafu na chumvi kupunguza uvimbe na maumivu ya wagonjwa wa saratani.

Mimi nilianza na chunjua, au sunzua kama wengine wanavyoliita, pembeni mwa ukucha wa kidole cha shahada. Daktari alilikwangua kwanza, maana ngozi ngumu ya juu huzuia baridi isishuke, halafu akapuliza. Ngozi ikawa nyeupe kama chaki, na ule weupe ukatambaa mpaka ukalipita chunjua kwa milimita mbili hivi. Akaacha hapo hapo. Baridi ilichoma, lakini maumivu yenyewe yalikuja barafu ilipoanza kuyeyuka, kidole kikapwita mpaka jioni. Baadaye likatokea lengelenge lenye damu ndani. Linatisha kulitazama, lakini ni jambo la kawaida. Usilitoboe. Osha kwa maji na sabuni, kausha, funika kama linasuguliwa, na uache kigaga kidondoke chenyewe. Usaha, wekundu unaosambaa au homa ndivyo vya kukurudisha kliniki.

Chunjua mara nyingi haliondoki kwa mara moja. Hurudiwa kila baada ya wiki mbili au tatu, na yale ya unyayo ndiyo sugu kuliko yote. Kwa maoni yangu, kama chunjua halikusumbui, anza na dawa ya kupaka yenye asidi ya salisiliki. Inahitaji uvumilivu, lakini matokeo yake hayako mbali na ya kugandisha, na haina lengelenge. Tena machunjua mengi, hasa ya watoto, huondoka yenyewe ndani ya miaka miwili. Sioni sababu ya kumshikilia mtoto anayelia ili agandishwe kitu ambacho mwili wake utakifukuza. Mwenye kisukari, au mwenye miguu isiyopitisha damu vizuri, asijigandishe nyumbani kwa vile vichupa vya dukani. Kidonda kidogo cha mguuni kinaweza kumgeukia.

Sasa nije kwenye jambo ambalo sisi wenye ngozi nyeusi hatuelezwi vya kutosha. Seli hazifi kwa kiwango kimoja cha baridi. Zile zinazotengeneza rangi ya ngozi ni dhaifu mno: huanza kufa kwenye nyuzi -4 hadi -7. Seli nyingine za ngozi huhitaji kushuka hadi kwenye -20 na zaidi, na saratani hupelekwa mpaka karibu -50. Maana yake ni kwamba kabla chunjua halijaguswa sawasawa, rangi imeshapotea. Huacha doa jeupe, mara nyingine lenye ukingo mweusi kuliko ngozi yako. Kwa wengine rangi hurudi baada ya miezi, kwa wengine hairudi. Langu limerudi nusu, na kwa kuwa liko kidoleni sijali. Lingekuwa shavuni ningejali sana. Kwa hiyo kama ni usoni au shingoni, uliza moja kwa moja: "Rangi yangu itakuwaje, na kuna njia nyingine?" Uliza pia kuhusu nywele, maana vinyweleo vikigandishwa sana havioti tena, na kuhusu mishipa ya fahamu ya pembeni mwa vidole, ambayo ikiguswa huacha ganzi ya muda. Upande wa pili, nyuzinyuzi zinazoishikilia ngozi hustahimili baridi, ndiyo maana kovu la kugandishwa kwa kawaida huwa bapa na laini kuliko la kisu. Hata keloidi, yaani kovu linalovimba na kukua kupita kidonda chenyewe, hugandishwa, lakini hiyo ni kazi ya mtaalamu wa ngozi mwenye uzoefu.

Usikubali kabisa kugandishiwa doa jeusi ambalo hakuna aliyejiridhisha ni nini. Kisu huacha kinyama cha kupeleka maabara. Barafu haiachi chochote. Saratani ya ngozi aina ya melanoma ikigandishwa juu juu inaweza kuonekana imepona huku ikiendelea chini. Kwa watu weusi huwa inajificha sehemu tusizozitazama, yaani nyayo, viganja na chini ya kucha. Doa linalobadilika umbo au rangi, au linalovuja damu, lichukuliwe kinyama kwanza. Pia mwambie daktari mapema kama vidole vyako hubadilika rangi kwenye baridi au una ugonjwa wa damu unaochochewa na baridi.

Baridi hiyo hiyo hutumika ndani ya mwili. Sindano maalumu hugandisha uvimbe mdogo wa figo, huku picha za skana zikionyesha donge la barafu linavyokua. Saratani ya tezi dume nayo hutibiwa hivyo kwa baadhi ya wanaume, ingawa tatizo la nguvu za kiume baadaye ni la kawaida na linapaswa kusemwa wazi kabla ya kusaini. Jicho lililochanika retina, yaani utando wa nyuma unaopokea mwanga, na moyo unaodunda ovyo pia vimo katika orodha.

Mara yangu ya pili ilikuwa mlango wa kizazi. Kipimo cha siki, ambapo mlango hupakwa siki nyepesi na kutazamwa, kilionyesha doa jeupe, mabadiliko ambayo hayajawa saratani, na nikaambiwa nafaa kwa tiba ya mgando kwa sababu doa lilionekana lote, halikuingia kwenye mfereji wa ndani, na halikufunika zaidi ya robo tatu ya mlango. Mjamzito husubiri mpaka ajifungue. Kifaa chenye ncha ya chuma, kinachopozwa kwa gesi ya kaboni dioksidi au naitrasi oksidi, huwekwa pale kwa dakika 3, huachwa dakika 5 barafu iyeyuke, kisha dakika 3 tena. Sikuchomwa ganzi. Nilihisi mkazo wa tumbo kama wa hedhi, na kizunguzungu nilipoinuka, kwa hiyo usiruke kitandani.

Kilichonishangaza ni majimaji. Hutoka mengi, mepesi, kwa wiki kadhaa, na pedi zinahitajika kweli. Usiingize chochote ukeni, wala tamponi wala maji ya kuosha, na tendo la ndoa lisubiri wiki 4. Mwambie mwenzako mapema, msianze kubishana usiku. Ikishindikana kabisa, kondomu ni lazima, hasa kwa mwenye VVU, kwani kidonda kibichi hupitisha virusi kirahisi. Harufu mbaya, homa, au damu nyingi kuliko hedhi: rudi mara moja.

Tiba hii hufaulu kwa wanawake wengi, takriban wanane hadi tisa kati ya kumi. Anayebaki hajijui mpaka apimwe tena, na kwa wanaoishi na VVU uwezekano wa kurudi ni mkubwa zaidi. Kwa hiyo usiondoke kliniki bila tarehe ya kurudi, kwa kawaida baada ya miezi 12. Shoga yangu mmoja aliniuliza kama chunjua la kidoleni ndilo lililoshuka huko chini. Hapana. Virusi ni vya ukoo mmoja, vya papiloma, lakini aina ni tofauti. Vya saratani ya mlango wa kizazi ni hasa aina ya 16 na 18, na chanjo yake ipo, bora kwa wasichana kabla hawajaanza kujamiiana. Wangu wawili wameshachanjwa.