Mionzi haichomi

Msomaji anauliza: "Umoja wa mionzi ni nini? Na mgonjwa wa saratani aliyetibiwa kwa mionzi, tuseme amechomwa mionzi au amepigwa mionzi?"

Umoja ni mwonzi, kama mwanzi na mianzi. Kwa hiyo ni mionzi hii, si mionzi hizi. Hilo limekwisha.

Hilo "kuchomwa" ndilo linalonikera miaka nenda miaka rudi. Watetezi wake huniambia kuchoma si kwa moto tu, hata sindano huchoma. Kweli. Lakini mgonjwa akiambiwa "kesho unakwenda kuchomwa," hafikirii sindano, anafikiria jiko. Nimemwona mama ameshika titi lake kwa viganja viwili, akiuliza kwa sauti ndogo kama nyama itanuka. Mashine alikuwa hajaiona bado. Neno tu lilikuwa limeshamtisha.

Na neno lenyewe linadanganya. Dozi ya kawaida ya siku moja ni grei 2, yaani jouli 2 za nishati kwa kila kilo ya mwili inayopigwa. Joto la sehemu hiyo linapanda kwa nyuzi 0.0005 hivi za Selsiasi. Funda la chai linapasha zaidi.

Kazi ya mwonzi ni kung'oa elektroni kwenye atomu, aghalabu za maji yaliyomo ndani ya seli. Vipande vya maji hayo huvamia DNA, na nyuzi zake mbili zikikatika pamoja, seli imepata jeraha zito. Hata hivyo haifi hapo hapo. Nyingi hufa baadaye, zinapojaribu kugawanyika zikashindwa. Seli za jirani zenye afya huweza kujirekebisha vizuri kuliko zile za saratani, ndiyo maana dozi hugawanywa kwa wiki kadhaa badala ya kumalizwa siku moja. Ngozi kuwa nyekundu? Naam, huwa, ila baada ya wiki mbili tatu, kwa sababu seli za kuifanya upya zimepungua. Moto gani huo unaounguza leo, lengelenge likasubiri mwezi uandame?

Andika: ametibiwa kwa mionzi, au amepewa mionzi. "Amepigwa mionzi" silipendi, lakini nalivumilia, maana hata picha hupigwa na hakuna anayeumia. "Amechomwa" nikiliona kwenye maandishi ninayohariri, nalifuta.